Mashine ilipogoma kuwaka, ilibidi nipige simu niliyokuwa naikwepa

Kamba ya mashine ya maji ukiivuta mara tatu ni mazoezi. Ukiivuta mara hamsini ni adhabu. Nilivuta mpaka kiganja cha kulia kikaota malengelenge, nikahamia mkono wa kushoto, nao haukuwa na nguvu hata ya kuizungusha vizuri. Mashine inazunguka, inanyamaza. Waliowahi kuhangaika na injini ndogo ya petroli wanajua kwamba inayokohoa na kuzima ina nafuu, maana hiyo unajua iko hai. Yetu haikukohoa hata mara moja.

Tunaishi Ilula, mkoani Iringa, hapa ambapo barabara kuu ya kwenda Zambia inapita katikati ya matenga ya nyanya. Abiria wa basi anaona wekundu kando ya lami na akina mama wanaokimbilia madirisha. Asichokiona ni mabondeni zinakotoka. Kiangazi nyanya inaishi kwa kumwagiliwa, na maji yanapandishwa kwa mashine hizi ndogo za petroli, za mpira wa inchi mbili, ambazo watu wawili wanaweza kuzibeba bila kupumzika. Asubuhi ya Agosti ukisimama ukingoni unazisikia bonde zima, na kila mtu anaijua sauti ya mashine ya jirani kama anavyomjua jogoo wake.

Nyumbani kwetu wa kuiwasha siku zote alikuwa baba watoto. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika mpira na kuelekeza maji kwenye matuta. Miaka sita tuliyokuwa nayo sikuwahi kuivuta ile kamba, na wala sikuwahi kuulizia. Yeye hakunifundisha, mimi sikuomba, na wote wawili tuliona sawa.

Sasa baba watoto ni dereva wa lori. Anapakia Dar es Salaam, anapita Tunduma, anaingia Zambia, mpaka Lubumbashi kule Congo. Safari moja inaweza kula mwezi na zaidi kwa sababu ya foleni za mipakani. Na hapo ndipo penye kisa changu, kwa hiyo msomaji univumilie nikieleze kabla sijarudi kwenye mashine.

Mwaka wa nyuma nyanya zilitutia hasara. Kwanza walikuja kantangaze, wale wadudu wanaochimba jani na tunda mpaka shamba linaonekana kama limepigwa moto. Tukapuliza dawa hii na ile. Zilizobaki tukazivuna wakati ambapo kila mtu anavuna, bei ikaanguka, na ukitoa gharama ya tenga, kibarua na dawa, tulibaki na aibu tu. Baba watoto alisema, "Mwaka huu shamba lipumzike. Tule mshahara." Nikaitikia. Niliitikia kwa mdomo, kama tunavyoitikia wengi.

Mwezi Mei nikakopa shilingi 500,000 kwenye kikoba chetu. Mtoto wa pili alikuwa anamaliza darasa la saba, na ingawa ada hakuna siku hizi, anayempeleka mtoto kidato cha kwanza anajua sare, godoro, sanduku na madaftari vinakula kiasi gani. Nikasia mbegu, nikapandikiza nusu eka. Sikumwambia mume wangu. Nilijiambia nitamwambia nikiwa na fedha mkononi, kwa sababu habari ikija na fedha inapokelewa tofauti.

Julai alipita. Aliegesha lori kando ya barabara, akaja kula, akalala saa nne, akaamka alfajiri. Shamba liko bondeni, halionekani kutoka nyumbani. Nilimsindikiza mpaka kwenye lori nikiwa na udongo wa vitalu bado chini ya kucha. Akaniuliza kama kila kitu kiko sawa. Nikasema kiko sawa.

Mwanzoni sikuhitaji mashine. Kulikuwa na mtaro tunaogawana kwa zamu, nao ulinitosha. Agosti mtaro ukakauka juu yangu, kama mashamba matatu hivi kabla ya kunifikia. Ndipo nikaifunua mashine stoo, ilikokuwa imefunikwa gunia tangu Novemba. Nikaweka petroli lita mbili, nikafungua koki, nikavuta choki kama nilivyomwona akifanya. Ndizo zile mara hamsini.

Wa kwanza kuja kunisaidia alikuwa shemeji, mdogo wake baba watoto. Nani alimwita sijui, nadhani alinisikia. Alivua koti, akakanyaga bodi ya mashine kwa mguu mmoja, akavuta kwa nguvu zote. Alivuta mpaka jasho likamdondokea puani. Nilimwonea huruma. Akasema, "Shemeji, hii imekaa sana, inataka kupashwa." Tukaianika juani. Haikuwaka.

Kisha wakaja washauri. Sijui kwa nini mashine mbovu inavuta watu kuliko mgonjwa. Mmoja alisema petroli ya chupa ya barabarani imechakachuliwa, nikaenda kununua nyingine kituoni. Mwingine akasema nimeweka mafuta mengi, "imekunywa imelewa," niiache ilale. Mzee mmoja, kamwene yake ikiwa haijapoa mdomoni, aliniambia mashine inamjua mwenyewe. Nilimjibu kwa heshima, lakini moyoni nilisema mashine ni chuma, haina mapenzi. Kumbe mzee hakuwa mbali sana na ukweli, ingawa si kwa namna aliyodhani yeye.

Siku ya tatu nikaita fundi. Alikuja na sigara mdomoni, na nilimwomba aizime kwa sababu kibuyu cha petroli kilikuwa wazi pembeni yake. Hakufurahi. Alifungua plagi, akaichomeka kwenye waya wake, akaigusisha kwenye bodi ya mashine na kumwambia mwanangu avute kamba. Hakukuwa na moto. Akavuta mara nyingine mwenyewe, akatikisa kichwa kama daktari. "Mama, koili imekufa." Koili mpya 85,000, ufundi 20,000, na nitangulize 30,000 aende kuitafuta Iringa mjini. Nilimpa. Hiyo ilikuwa fedha ya marejesho ya wiki ile. Fundi sikumwona tena mpaka nyanya zilipokwisha, na siku tulipokutana yeye ndiye aliyenisalimia kwanza, kwa furaha, kama watu wasiodaiana.

Nyanya ikiwa na maua haisubiri. Jua la mchana likipiga na udongo umekauka, maua yanaanguka, na kila ua linaloanguka ni tunda ambalo hutalivuna. Yale yaliyokwisha kushika nayo hayako salama: ukiyanyima maji halafu ukayapa mengi kwa ghafla, matunda yanaoza kitako au yanapasuka. Mimi na watoto tulibeba maji kwa ndoo alfajiri na jioni. Nusu eka kwa ndoo! Tulikuwa tunamwagilia mistari minne, tukimaliza mstari wa nne ule wa kwanza umeshakauka. Siku ya tano nilishuka bondeni nikakuta maua ya njano yametanda chini ya mashina, mengi, kana kwamba kuna mtu aliyapukutisha kwa makusudi.

Nilikaa ukingoni nikapiga simu. Si kwa fundi mwingine.

Alikuwa Kasumbalesa, kwenye foleni ya kuingia Congo. Nilisikia honi na watu wakibishana.

"Watoto wazima?" aliuliza kabla hata ya salamu, kwa sababu mke wa dereva hapigi simu ya nje ya nchi mchana bila jambo.

"Wazima. Ni mashine. Imegoma kuwaka."

"Mashine gani?"

"Ya maji."

Akanyamaza. Honi zikaendelea.

"Maji ya nini?"

Nikamwambia yote. Kikoba, laki tano, mbegu, mtaro, fundi. Nilisema haraka haraka bila kupumua ili asipate nafasi ya kuingiza neno. Nilipofika mwisho niliogopa ule ukimya kuliko kelele yoyote ambayo angeipiga.

"Umesharejesha kiasi gani?"

"Laki moja na elfu tisini."

"Na Julai nilipopita zilikuwa zimeshapandwa?"

"Ndiyo."

Hapo alinyamaza muda mrefu, nikadhani salio limekwisha. Halafu akauliza, "Huyo fundi alipima moto wa plagi?"

"Alipima. Amesema haupo kabisa. Koili imekufa."

"Koili haijafa," akasema. Na sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu anayetafuta pa kushika. "Waya nimeubana mimi."

Hapa inabidi nieleze kidogo, maana mimi mwenyewe ilinichukua muda kuelewa. Injini hizi ndogo hazina betri. Ukivuta kamba, gurudumu lenye sumaku linapita karibu na koili, na koili inatoa umeme unaokwenda kuruka kwenye plagi. Huo ndio moto. Kutoka kwenye koili kuna waya mwingine mweusi, mwembamba, unaokwenda kwenye swichi. Ukizima swichi, waya huo unagusana na bodi ya mashine, na umeme unapotelea kwenye chuma badala ya kwenda kwenye plagi. Ndivyo injini inavyozimwa. Kwa hiyo mtu akiuchuna huo waya kidogo na kuubana kwenye bodi, swichi hata ukiiweka wapi mashine inajiona imezimwa. Unaweza kuvuta kamba mpaka Krismasi. Na fundi makini akikosa moto, kabla hajaitaja koili huuchomoa kwanza waya huo na kuvuta tena. Ni kazi ya dakika tano. Nimelipia somo hilo shilingi 30,000.

"Umeubana kwa nini?" nilimuuliza.

Ilikuwa ni kwa ajili ya mdogo wake. Oktoba ya mwaka ule shemeji aliazima mashine siku mbili, akakaa nayo wiki mbili, na ilirudi haina oili hata tone kwenye kijiti cha kupimia. Injini ya aina hii haichanganyiwi oili kwenye petroli. Oili inakaa chini ndani ya bodi, na ikipungua mashine inajila yenyewe. Mume wangu aliona, akanyamaza. Hakuweza kumwambia mdogo wake, "Sikupi tena," kwa sababu ndiye aliyemlea baada ya baba yao kufariki, na mama mkwe yuko hai na masikio yake yanafanya kazi. Basi alipoihifadhi Novemba aliubana waya. Akija kuiazima, apewe. Atavuta, haitawaka, atairudisha mwenyewe.

"Na mimi hukuniambia."

"Ungejua, akija ungeshindwa kumdanganya usoni."

Nilitaka kugomba. Nilikuwa na haki ya kugomba: siku tano, malengelenge, fundi, maua yaliyolala chini. Na nilimkumbuka shemeji na jasho lake puani, akivuta mashine iliyofungwa kwa ajili yake. Lakini mdomo wangu ulikuwa na deni la laki tano. Nikasema, "Niambie waya uko wapi."

Spana namba 10. Nawashauri akina mama, kama nyumba yenu ina mashine ndogo ya petroli, muwe nayo hiyo hata kama hamna nyingine, maana kwenye mashine kama yetu sehemu kubwa ya bolti ni za namba hiyo. Mimi na mwanangu wa kwanza, mwenye miaka 14, tulifungua bolti za kifuniko cha upande wa kamba. Chini ya ile ya pembeni kabisa tukaukuta waya, umechunwa kipande cha urefu wa ukucha, umebanwa vizuri, kazi safi ya mtu anayejua. Tukauchomoa, tukauzungushia gundi ya umeme, tukarudisha kifuniko. Tukachukua plagi, tukaifuta, tukaigusisha kwenye chuma kama alivyofanya fundi. Petroli tuliiweka mbali kabisa, nyuma ya nyumba, kwa maelekezo ya baba mtu. Moto ule ni mdogo lakini mvuke wa petroli hauhitaji mkubwa. Mwanangu akavuta. Kwenye kivuli cha ukuta nikaona cheche ya bluu, nyembamba kama uzi. Mtoto alipiga kelele mpaka jirani akaja.

Tukarudisha plagi, tukavuta. Haikuwaka.

Sitawaficha, nililia. Ilikuwa jioni, na nilikuwa nimeshajiona niko bondeni na maji. Nikatuma ujumbe wa sauti kwa WhatsApp, na nadhani nililaumu watu wengi humo ndani, wakiwemo wasiohusika. Usiku saa tano akajibu. Hakugusia hata neno moja la malalamiko yangu. Alisema tu, "Kesho asubuhi vuta mara kumi ukiwa umefunga choki, halafu fungua plagi uniambie: imelowa au imekauka?"

Siku zile nilijifunza kulipenda swali hilo. Washauri wote waliokuja walikuwa na majibu. Hakuna aliyekuwa na swali. Plagi ikitoka imelowa na inanuka petroli, mafuta yanafika, hata pengine yamezidi, na tatizo ni moto au ni hayo mafuta yenyewe. Ikitoka kavu, hata uwe na moto wa radi, hakuna cha kuunguza. Unajua upande gani wa kwenda kutafuta, na unaacha kupoteza nguvu upande mwingine.

Ilikuwa kavu kabisa.

Akasema, chukua petroli mpya, ujazo wa kifuniko cha soda tu, mimina kwenye tundu la plagi, funga plagi, rudisha waya wake, vuta. Nikafanya. Mvuto wa pili mashine ikanguruma, ikatoa moshi, ikazima. Sekunde mbili. Mwanangu akanitazama, nami nikamtazama. Imekohoa!

"Basi," alisema baba watoto nilipomsimulia, na kwa mara ya kwanza nilisikia kama anatabasamu, "injini ni nzima. Kinachozuia kiko kati ya tangi na silinda. Fungua kabureta. Na hilo nalo ni langu."

Siku zote, alisema, kabla ya kuihifadhi alikuwa anafunga koki ya mafuta na kuiacha mashine iendelee kunguruma mpaka ijizime yenyewe, ili kabureta ibaki kavu. Novemba ile alikuwa na hasira na mdogo wake, akaubana waya, akafunika gunia, akaondoka. Petroli ilibaki ndani miezi tisa. Petroli haikai kama maji. Sehemu zake nyepesi zinaruka, inayobaki inakuwa nzito kama gamu.

Kikombe cha chini cha kabureta kinashikwa na bolti moja, namba 10 tena. Tulifunga koki, tukaweka glasi chini, tukafungua. Ilitoka rojo ya rangi ya chai ya rangi, yenye harufu ya vanishi ya makochi. Katikati ya kabureta, juu, kuna kitu kidogo cha shaba kama kichwa cha msumari wenye tundu. Mafundi wanakiita jeti. Mafuta yote yanayoingia kwenye injini ikiwa kazini yanapita kwenye hilo tundu, nalo halizidi unene wa sindano ya kushonea. Tulilifungua kwa bisibisi bapa. Nikalinyanyua kuelekea juani nichungulie. Giza.

Nilikimbilia sindano. Akanikataza kwenye simu: chuma kigumu kinapanua tundu, na likipanuka mashine itakunywa mafuta maisha yake yote. Tukachuna waya wa umeme wa zamani, tukachomoa unyuzi mmoja wa shaba, tukaupitisha polepole, tukaosha kwa petroli safi, tukapuliza kwa pampu ya baiskeli. Mara ya tatu nikaona nukta ya mwanga. Mtoto naye akataka kuiona. Mdogo wake naye. Tulipangana foleni kuangalia tundu.

Tangi tukalimwaga lote, tukaweka petroli mpya. Oili nilipima, ilikuwepo, baba watoto aliiweka kabla ya kuibana. Koki ikafunguliwa, choki ikafungwa. Nikavuta kamba taratibu mpaka nikahisi ugumu, nikaiachia irudi, kisha nikavuta kwa mkupuo mmoja. Ikakohoa. Mvuto wa pili ikawaka, ikawa inapanda na kushuka, nikafungua choki kidogo kidogo mpaka sauti ikatulia. Nikaizima mara moja, kwa sababu pampu haikuwa na maji ndani; ikizunguka kavu inaunguza sili yake na hapo unaanza tatizo jingine. Lakini bonde lilikuwa limeshasikia. Mama mmoja alipaza sauti kutoka ng'ambo, "Ya kwako hiyo?" Nikasema ni ya kwangu.

Saa kumi jioni tulikuwa mtoni. Tukaijaza pampu maji kwa kopo mpaka ikafurika, tukafunga kifuniko, nikavuta. Mpira ukavimba kama chatu. Sikumwagilia mengi siku hiyo. Niliwapa kidogo kidogo kwa siku tatu, kwa hofu ya kupasua matunda. Shada la kwanza lilikuwa limeshapotea, na baadhi ya matunda yalioza kitako hata hivyo. Kilichofuata kilikuwa kizuri. Tulivuna matenga 41, bei haikuwa mbaya sana, na deni la kikoba nililimaliza Novemba.

Baba watoto alipita mwishoni mwa Septemba. Alfajiri alishuka bondeni peke yake, akarudi na viatu vimelowa, akasema mashina ya upande wa juu yanahitaji miti ya kuegemea. Kuhusu mkopo tulizungumza usiku wake, na usiku haukutosha, tuliendelea na chai. Fedha hazikumuuma. Kilichomuuma ni kwamba Julai nilimsindikiza mpaka kwenye lori. Alilirudia hilo mara tatu, na kila mara sikuwa na la kusema zaidi ya kusema lilikuwa kosa. Mimi nami nilimwambia kuhusu waya, kwamba aliponificha alinihesabu pamoja na mdogo wake, na si pamoja na yeye. Hilo nalo hakuwa na jibu lake. Nilimwomba anifundishe mashine yote kabla hajaondoka, akanifundisha, tukachelewa hata kupakia mizigo yake midogo.

Tulibaki na swali moja ambalo hatukulimaliza. Waya sasa uko huru. Nani atasema na shemeji?

Shemeji alikuja wiki mbili baadaye, baba watoto akiwa njiani Zambia. Mahindi yake mabichi yalikuwa yanakauka na alihitaji mashine siku mbili. Niliingia stoo, nikatoka na mashine na kile kijiti cha oili mkononi. Nikamwonyesha alama ya juu na alama ya chini. Nikamwambia anunue lita moja ya oili yake, apime kila asubuhi kabla ya kuvuta kamba, na siku ya tatu mwanangu atakuja kuifuata na atapima mbele yake. Alinitazama kidogo, akasema sawa.

Akaishika mpini, halafu akaiweka chini tena.

"Kwani siku ile ilikuwa na nini, shemeji? Mimi nilivuta mpaka bega likauma wiki nzima."

"Jeti ilikuwa imeziba," nikamwambia.